Unataka kufanya utafiti ukiwa bado chuoni? Anza na kuosha vyombo

Juzi usiku mdogo wangu mmoja, yuko mwaka wa pili biokemia, kanitumia ujumbe: "Dada, wenzangu wa kompyuta wanatengeneza programu na kulipwa, mimi bado nakariri mzunguko wa Krebs. Nifanyeje nipate utafiti wa maana kabla sijamaliza?" Nikaanza kumjibu kwa sauti. Nilipofika dakika ya tisa nikaona niandike tu, maana najua mko wengi. Kila aliyechagua kozi hii aliwaza koti jeupe, na wengi wetu tumelivaa siku za praktikali na siku ya kupiga picha.

Mimi nimekulia Kibaigwa, jirani na lile soko la mahindi. Mwaka 2016, nikiwa kidato cha kwanza, watu wa vijiji vya Dodoma na Manyara walianza kuumwa: macho ya njano, matumbo kujaa, kutapika. Takriban 20 walifariki. Kwetu walisema mengi, hadi uchawi. Ilikuwa sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri. Baadaye, chuoni, lekchara akachora ubaoni namna ini linavyoshughulika na aflatoksini B1, aina mojawapo ya sumukuvu hiyo: vimeng'enya vinajaribu kuivunja ili itoke mwilini, na katika kuivunja vinaigeuza kuwa kitu kikali zaidi kinachonasa kwenye DNA. Yaani ini linajichongea lenyewe. Darasa lilikuwa linasinzia (saa nane mchana, na jua la Dodoma mnalijua), mimi nikakaa wima.

Kesho yake nikamfuata ofisini. Hana nafasi. Wiki iliyofuata, hana nafasi. Mara ya tatu nikamwambia sihitaji nafasi, naomba kuosha vyombo vya maabara. Nikaosha muhula mzima, bila hata shilingi ya nauli. Fundi wa maabara, mzee asiyecheka, ndiye aliyenifundisha mikropipeti, kile kifaa cha kupimia vimiminika kidogo kidogo: unavuta maji mikrolita 100, unayaweka kwenye mizani, lazima yasome gramu 0.1. Yakisoma 0.094, rudia. Nilirudia mpaka kidole gumba kikafa ganzi. Wengi mnakimbilia mlango wa nje hapohapo, nisiwafiche.

Mwaka wa tatu nikapewa karanga nizipime sumukuvu. Sampuli 24, za soko la Majengo pale Dodoma mjini na za Kibaigwa. Akina mama sokoni walidhani nimetumwa na TBS, wale wa Shirika la Viwango, lakini nikiwasalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi", wanalegea kidogo. Karanga unachota juu, katikati na chini ya gunia, unasaga zote, unachanganya, kwa sababu sumukuvu haikai sawasawa. Punje chache zinaweza kubeba sumu yote, na ukichota upande mmoja unazikosa. Sampuli ya 25 haikuwa kwenye mpango: karanga za mama mdogo, nilizozichomeka kwa kimbelembele changu.

Sasa sikilizeni. Kipimo nilichotumia, ELISA, kilikuwa cha kugombania nafasi. Sumu ya kwenye sampuli inagombea kiti na sumu nyingine iliyofungwa kimeng'enya cha kuleta rangi. Kwa hiyo sumu ikiwa nyingi, rangi inafifia. Mimi maelekezo nilisoma ukurasa wa kwanza nikajiona nimeelewa. Nikaangalia vishimo vya kipimo, kila sampuli na chake, cha mama mdogo kina njano iliyokoza kuliko vyote. Mikono ikatetemeka. Nikatoka nje nikampigia: "Mama, zile karanga usile, usimpe mtu, mwaga zote!" Akamwaga. Sado nzima na nusu, mbele ya majirani, na akawaeleza kwa nini.

Jioni fundi akapita, akaangalia, akauliza swali moja tu: "Binti, ukurasa wa pili umeusoma?" Karanga za mama mdogo zilikuwa miongoni mwa safi kabisa. Zile nyekundu nzuri, zinazong'aa, ambazo mimi mwenyewe ningenunua, sampuli mbili zilivuka kikomo cha Afrika Mashariki cha mikrogramu 10 kwa kilo. Na kukaanga hakukuokoi, sumu hii inavumilia moto.

Nikayaandika yote kwenye daftari, pamoja na ile simu. Ushauri wangu wa kwanza ndio huo: andika. Wa pili: soma maelekezo mpaka mwisho, kisha andika.

Wa tatu unaniuma. Miezi michache baadaye jedwali langu nililiona kwenye bango la mkutano wa kitaaluma. Namba zangu, hadi ile sampuli niliyorudia mara tatu. Majina matano juu, langu halipo. Nilipouliza nikajibiwa kuwa wanafunzi wa shahada ya kwanza "wanajifunza tu". Nimesamehe. Picha ya bango bado iko kwenye simu yangu. Nyinyi msiwe wajinga kama mimi: kabla hujashika pipeti, uliza kwa adabu jina lako litakaa wapi. Majibu yatume kwa barua pepe, tarehe ionekane. Daftari usimwachie mtu! Vijana mnalalamika hamna konekisheni, lakini daftari lenyewe hamna. Andikeni.

Sasa hivi nimepata kazi ya mwaka mmoja, msaidizi wa utafiti. Namna nilivyoipata ni kusubiri na kusubiri, naruka. Nataka uzamili wa usalama wa chakula, halafu niombe TBS, ambao tangu 2019 ndio wenye jukumu la chakula, au kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Wakinikataa nitarudi tena, kama nilivyorudi kwa yule lekchara. Na wewe mdogo wangu kesho asubuhi nenda ofisini kwa lekchara wako. Usipeleke cheti, peleka mikono.

Jumamosi naenda Kibaigwa. Nimemnunulia mama mdogo sado mbili za karanga pale Majengo kufidia zile. Amesema hazipokei mpaka nimletee karatasi ya majibu, na niisome ukurasa wa pili.