Vermont walipitisha bima ya mlipaji mmoja, mbona dada bado anakatwa na kampuni?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mhasibu wa hospitali hapa Morogoro, kazi yangu ya kila siku ni madai ya bima. Dada yangu analea wazee Burlington, jimbo la Vermont, Marekani. Nimesoma kwamba mwaka 2011 jimbo hilo lilipitisha sheria ya mlipaji mmoja, yaani mfuko mmoja wa umma umlipie kila mkazi. Lakini dada bado anakatwa mchango wa kampuni binafsi, na akiugua anaanza kutoa za kwake mfukoni kabla bima haijaingia. Sheria ilikwenda wapi? Na kama Canada nao walianzia jimbo moja, Vermont imewashinda nini?

JIBU: Marahaba. Sheria hiyo ipo, inaitwa Act 48. Gavana Peter Shumlin aliitia saini Mei 2011 na mfuko ukapewa jina la Green Mountain Care. Mchoro wa awali ulitoka kwa timu ya William Hsiao wa Harvard, mchumi aliyeishauri Taiwan kabla haijaanza bima yake ya taifa mwaka 1995, kwa hiyo kazi haikupewa mbahatishaji. Tatizo ni kwamba sheria ilieleza nani atatibiwa, suala la nani atalipa kiasi gani likaachwa lije baadaye. Wewe mhasibu unajua mkataba wa namna hiyo huishia wapi.

Hesabu zilitoka Desemba 2014. Waajiri wangelipa kodi ya asilimia 11.5 ya mishahara yote, na kaya nazo hadi asilimia 9.5 ya kipato, kwa ngazi. Shumlin alikuwa ameponea chupuchupu kwenye uchaguzi wa Novemba. Tarehe 17 Desemba akatangaza kwamba mpango hauendelei.

Zikisomwa hivihivi, asilimia hizo zinatisha. Ziweke kwenye salari slipu uone. Mfanyakazi wa dola 50,000 kwa mwaka angemgharimu mwajiri wake dola 5,750. Mwaka huohuo 2014, bima ya kazini ya mtu mmoja ilikuwa wastani wa dola 6,025 kwa Marekani nzima, na ya familia ilizidi 16,000. Mwajiri anayelipia familia za wafanyakazi wake angepumua. Mwenye mgahawa mdogo ambaye hajawahi kumkatia mtu bima angeona mzigo mpya kabisa, naye ndiye aliyepiga kelele. Mfanyakazi mwenyewe hajawahi kuona sehemu kubwa ya mchango wake, kwa sababu mwajiri anailipa kabla mshahara haujaandikwa. Kodi ataiona kila mwezi. Fedha ni ileile kwa kiasi kikubwa, ila moja inapita mlango wa nyuma na nyingine sebuleni.

Colorado walipeleka hoja kama hiyo kwa wapiga kura Novemba 2016: asilimia 10 ya mshahara, mwajiri 6.67 na mfanyakazi 3.33. Mtumishi wa umma kwenu Tanzania anakatwa 3 kwa NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, na mwajiri anaweka 3, kwa hiyo hiyo 3.33 wala isingekushtua. Wao walishtukia jumla. Takriban wanne kati ya kila watano walisema hapana.

Sasa upande wa sheria, na hapa ndipo swali lako la Canada linapojibika. Jimbo la Marekani linapotaka kuunganisha mifuko, linakuta mingi si yake. Wenye miaka 65 na kuendelea wako Medicare, bima ya serikali kuu. Medicaid ya wasio na uwezo inalipiwa kwa ubia, masharti mengi yakitoka Washington. Halafu kuna ERISA ya mwaka 1974, sheria inayozuia majimbo kuingilia mafao ya waajiri. Zaidi ya nusu ya Wamarekani wenye bima ya kazini wako kwenye mipango ambayo mwajiri mwenyewe anabeba gharama, na kampuni ya bima inaajiriwa kushughulikia madai tu. Mipango hiyo jimbo haliigusi. Sheria ya afya ya mwaka 2010 iliruhusu majimbo kuomba msamaha wa baadhi ya masharti kuanzia 2017, ndiyo maana Vermont walilenga mwaka huo, lakini msamaha huo haufiki kwenye ERISA wala Medicare.

Tena mipaka. Ukivuka mto Connecticut kutoka Vermont uko Lebanon, New Hampshire, kwenye hospitali kubwa ya Dartmouth-Hitchcock inayotibu watu wengi wa Vermont. New Hampshire haitozi kodi ya mishahara. Mtu anayelala upande mmoja, anafanya kazi upande wa pili na kutibiwa hukohuko, utamkata wapi?

Saskatchewan, jimbo ambalo Canada walianzia, hawakuwa na vikwazo hivyo. Katiba ya Canada inaweka hospitali mikononi mwa majimbo. Walianza na bima ya hospitali mwaka 1947 chini ya kiongozi wa serikali ya jimbo, Tommy Douglas, na Julai 1962 wakaongeza malipo ya madaktari. Madaktari waligoma siku 23, serikali ikaleta wengine kutoka Uingereza, mwisho wakaelewana. Na kwa sheria ya mwaka 1966 serikali kuu ilikubali kubeba karibu nusu ya gharama. Vermont hawakuwa na mtu wa kuwabebea nusu.

California wamejaribu mara nyingi. Mwaka 2017 muswada ulipita Seneti ya jimbo bila chanzo cha fedha, ukakwama. Mwaka 2022 mwingine haukufika hata kwenye kura ya Bunge la Chini la jimbo.

Kuhusu dada: Vermont ilibaki na Green Mountain Care Board, bodi inayopitisha bajeti za hospitali na kukagua viwango vya michango ya bima. Amuulize mwajiri kama bima yake imenunuliwa kwa kampuni au kampuni inashughulikia madai tu. Ikiwa imenunuliwa, kuna uwezekano mkubwa mchango wake umepita mbele ya bodi hiyo, na kabla ya kuamua bodi hupokea maoni ya wananchi. Ikiwa ni ya pili, anarudi kulekule kwa ERISA.