Jibu: Ubuntu Studio au Xubuntu kwa kompyuta ya zamani?
Ndugu, umeuliza uweke ipi kati ya Ubuntu Studio na Xubuntu, aina mbili za mfumo endeshi wa Ubuntu (Linux), kwenye kompyuta ya zamani yenye RAM ya GB 4, maana unataka kurekodi sauti na kuhariri picha. Mimi ningeweka Xubuntu bila kusita. Tangu toleo la 20.10 la mwaka 2020, Ubuntu Studio iliacha Xfce ikahamia KDE Plasma (hizi ni mazingira ya eneokazi, yaani madirisha na menyu unazoziona), tena inakuja na rundo la programu: Ardour ya sauti, Kdenlive ya video, Blender ya picha za 3D, na nyingine ambazo huenda usizifungue kamwe. Zinakula diski na kurefusha kila sasisho. Xubuntu imebaki na Xfce, ambayo ni nyepesi. Ongeza Audacity ya kurekodi sauti na GIMP ya kuhariri picha tu. Ni programu zilezile zilizomo kwenye Studio, hazipungui ubora kwa kuwa umezisakinisha mwenyewe.

Faida halisi ya Studio ni mipangilio inayopunguza kuchelewa kwa sauti, pale unapopiga ala huku ukijisikiliza. Ukiihitaji baadaye, sakinisha ubuntustudio-installer, programu inayoongeza vifaa vya Studio, juu ya Xubuntu hiyohiyo.

Na kama diski yako bado ni ile inayozunguka, tafadhali anza kwa kuweka SSD, diski ya kasi isiyozunguka. Hilo litakusaidia kuliko kubadilisha mfumo.