Jasho halichukui kazi ya figo
Ndugu, umeuliza kama mbebaji wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, anayetokwa jasho mchana kutwa na kukojoa mara chache, tena mkojo wa njano iliyokolea, huwa anatoa taka zake kupitia ngozi. Hapana. Jasho ni maji na chumvi pamoja na urea kidogo sana, na kazi yake kubwa ni kuupoza mwili. Urea hutengenezwa na ini kutokana na mabaki ya protini, kisha damu huipeleka kwenye figo, ambazo kwa mtu mzima huchuja takribani lita 180 za majimaji kwa siku na kuyarudisha karibu yote kwenye damu, hata ikabaki lita 1 hadi 2 tu za mkojo. Maji yakipungua mwilini, ubongo hutoa homoni inayozifanya figo zirudishe maji mengi zaidi, ndiyo maana taka zilezile hutoka katika mkojo kidogo uliokolea. Kabonidayoksaidi huondolewa na mapafu. (Kinyesi ni maji, bakteria na mabaki ya chakula ambayo hayakuwahi kuingia kwenye damu.) Huyo mbebaji anywe maji safi kabla kiu haijamzidi, na mkojo ukibaki mwekundu au mweusi kama chai ya rangi hata baada ya kunywa, aende kupimwa.