Acheni Kugeuza Mbuta Kabla Hajajiachia

Wadogo zangu mnaoanza jikoni hapa Kisumu, kila kundi jipya likiingia, minofu ya mbuta (sangara) inararuka vilevile na kikaango ndicho kinacholaumiwa. Kikaango hakina kosa.

1. Futa maji mara mbili. Samaki aliyelala kwenye barafu anafika amelowa, na maji yakiwepo uso wake hauvuki nyuzi 100, ilhali rangi ya dhahabu inahitaji kama nyuzi 140. Futa kwa tishu, tia chumvi, ngoja dakika 10, kisha futa tena, maana chumvi huvuta maji mengine nje. Mara hii ya pili ndiyo mnayoiruka.

2. Kikaango kipate moto kwanza, ndipo utie mafuta vijiko 2 vya mezani. Yakimetameta, laza mnofu ngozi chini, ukiuelekeza mbali nawe, na uubonyeze sekunde 10 ili ngozi isijikunje. Baada ya hapo, tafadhali, mikono mbali! Nyama ya samaki hushika chuma mwanzoni, na ukoko ukishakauka hujiachia wenyewe. Lakini hata dakika haijaisha, mtu ameshachomeka mwiko. Nusu ya ngozi inabaki chini, anaikwangua, mabaki yanaungua, na uchungu ule unaishia kwenye sosi. Sasa vimeharibika viwili. Mtazame samaki ubavuni: weupe unapanda polepole kutoka chini. Kwa mnofu wa sentimita 2.5, ukifika theluthi mbili za unene, kama dakika 4 hivi, tikisa kikaango. Ukiteleza, geuza. Ukigoma, mpe nusu dakika nyingine. Upande wa pili dakika 1 inatosha, au 2 kwa mnofu mnene. Ngege (tilapia) ni mwembamba, kwa hiyo anza kumchungulia mapema zaidi.

3. Siagi si ya kukaangia, kwa sababu chembe za maziwa zilizomo huungua haraka. Mtoe samaki, mwaga mafuta, pangusa kikaango. Kwa moto mdogo tia kijiko 1 cha kitunguu kilichokatwa laini, vijiko 2 vya maji ya limau na 1 cha maji. Vikipungua nusu, epua. Gramu 60 za siagi baridi ziingie kipande kimoja kimoja huku ukizungusha kikaango. Sosi ikichemka, mafuta hujitenga. Kijiko cha maji baridi na kupiga kwa nguvu huweza kuirudisha. Siagi ikiwa ya chumvi, onja kabla ya kuongeza nyingine. Mkitia ganda la limau, kwangueni sehemu ya njano tu, ile nyeupe ni chungu. Na majarini iacheni kwa mkate.

4. Sosi chini, samaki juu, ngozi ikitazama juu. Ukimmwagia, ngozi uliyoihangaikia hivyo inalegea kabla sahani haijafika mezani. Mteja akitaka ugali badala ya viazi, sosi iende kwenye kibakuli pembeni na iongezwe kidogo, kwa sababu atachovya.