Mtoto wa nje na mikorosho ya baba

*Mtoto wa nje ya ndoa anarithi au harithi? (Lindi mjini)*

Swali hili haliishi kuletwa, na kila mara linakosa la msingi: aliyekufa ni baba au mama? Aliishi kwa dini gani, mila ipi? Kwa mama anarithi. Kwa baba, inategemea. Mkiuliza, elezeni.

*Baba hakumwoa mama, ila alinilea na kunisomesha. Amefariki, na baba wadogo wanasema mikorosho hainihusu. Sisi Waislamu. (Newala)*

Pole kwa msiba. Baba zako wadogo wamesema nusu tu. Katika mirathi ya Kiislamu mtoto wa nje hana fungu kwa baba, lakini baba anaweza kumuusia hadi theluthi moja ya mali. Ulizia huo wasia kwa shehe wake na kwa mwenyekiti wa kijiji. Kisha tenganisheni mikorosho aliyoipanda au kuinunua mwenyewe na ile ya ukoo wa mama yake. Hiyo ya ukoo, kwa mila za huku za kufuata upande wa mama, hata watoto wa ndoa hawaipati. Kama hujafika miaka 18, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtu kukunyima matumizi stahiki ya mali ya mzazi wako. Peleka pingamizi Mahakama ya Mwanzo kabla msimamizi wa mirathi hajateuliwa. Kikao cha ukoo kinapendekeza tu, hakiteui. Na korosho za marehemu zisipelekwe AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) kwa jina la mtu mwingine. Hapo ndipo yatima wengi wanapodhulumiwa.

*Cheti cha mwanangu hakina jina la baba, na baba amekufa. Basi tena? (Masasi)*

Hapana. Mahakama inaweza kutamka baba ni nani. Itatazama kama alimkiri hadharani, kama alimfanyia mila, hata vinasaba. Tunza risiti za ada na meseji za pesa za matumizi. Simu hiyo usiiuze. Nanyi kina mama wengine, mwende na baba mkaandikishe angali hai. Jina la baba asiyeoa haliandikwi kwa kauli ya mama peke yake.

*Nina mtoto wa nje, mke wangu hajui. Nimwandikie wosia kwa siri? (Nachingwea)*

Andika, siri acha. Jina geni likisomwa matangani, wosia utapingwa na mtoto ndiye atakayetukanwa. Mwambie mkeo kwanza. Kisha saini mbele ya mashahidi wanaojua kusoma, wasiopata kitu humo, na ukautunze RITA, wakala wa serikali wa vizazi, vifo na mirathi. Ufanye kabla ya msimu wa korosho.