Mtoto anasoma vizuri lakini mchoro anauruka

Jamani wazazi na walimu wenzangu wa madarasa ya chini, hebu leo tuongelee michoro. Mi nafundisha la pili na la tatu na kila mwaka ni yaleyale, mtoto anasoma aya nzima bila kukwama, akifika kwenye mchoro anafunua ukurasa kama vile pale pamewekwa pambo tu. Ukimuuliza anakujibu "picha ya mbu", basi, kamaliza.

Chukua ule mchoro wa maisha ya mbu: yai, kiluwiluwi, pupa, mbu kamili na mishale katikati. Mtu mzima anaona mzunguko, mtoto anaona wadudu wanne tofauti waliokaa duara, mishale wala haimwambii kitu. Sasa mi maandishi nayaziba kwanza kwa karatasi, mtoto anaweka kidole kwenye yai anafuata mshale huku anasema "huyu anakuwa huyu, huyu anakuwa huyu", akirudi alipoanzia ndo anashtuka kumbe ni mdudu mmoja! Usimwahi kumwambia, utamharibia.

Halafu kuna hili la ukubwa ambalo wengi tunalipita. Kitabuni yai la mbu limechorwa kubwa kama punje ya harage, wakati lenyewe lina kama nusu milimita. Mpe rula, mwambie atafute milimita moja halafu nusu yake, utasikia "aaah mwalimu, mbona halionekani?" Hapo sasa mweleze kwamba mchoraji kalikuza makusudi.

Kama kuna kopo la maji yaliyotuama hapo nje, ndo penyewe, chota kidogo kwenye chupa angavu muweke kitabu pembeni ya hiyo chupa. Viluwiluwi wa Anopheles, yule wa malaria, wanalala sambamba na uso wa maji, wa Culex, yule mbu wa kawaida wa majumbani, wananing'inia kichwa chini. Kwetu wa kwenye chupa walikuwa wananing'inia na mchoro ulionyesha waliolala, mtoto mmoja akabisha kabisa kwamba kitabu kimekosea, darasa zima likajaa kwenye chupa kuangalia, na kipindi cha watu kikaisha hivyohivyo wala sikujali. Ila mkimaliza mwageni maji juani, chonde chonde, kutoka yai mpaka mbu ni kama wiki moja mpaka mbili tu kwa joto letu hili la Dar.

Michoro iliyopasuliwa katikati, kama ya jino, nayo inawachanganya, kuna aliyeniuliza nani kalikata. Pasua chungwa mbele yao, wachore walichoona, inatosha. Ramani ni hivyohivyo, waanze na ufunguo, yaani pale panapoeleza maana ya alama, kabla ya kukimbilia kutafuta mkoa wao.

Ila kinachonisaidia kuliko vyote ni wao kuchora. Sio kuchora vizuri jamani, acheni kutoa maksi za urembo, mtoto anajifunza kuogopa penseli bure. Achore jinsi uji unavyopikwa kwao, aweke mishale na majina, halafu ampe mwenzake wa mkondo mwingine aeleze bila kuuliza chochote. Mwenzake akikwama, mwenye mchoro anaongeza jina au mshale palepale alipokwama, mwenyewe bila kuambiwa. Wa kwangu mmoja alisahau kuchora maji, mwenzake akasema "huu uji umeungua", wakacheka weee, maji yakachorwa haraka na mishale mitatu juu yake.