Kipanya kiwe mkononi mwa mwenye kazi

Barua yako ya uteuzi imeshatoka. Umekabidhiwa ofisi yenye magari, madereva, mhasibu, wataalamu kutoka nchi nne au tano, na andiko la mradi linalosema kwamba ndani ya miaka mitano mtaimarisha taasisi za umma ili maendeleo yawe endelevu. Mimi niliongoza ofisi ya namna hiyo Dodoma kwa miaka sita, na kabla yake nilikuwa afisa mipango wa halmashauri ya wilaya. Nimekaa pande zote mbili za meza. Haya ninayokuandikia, laiti ningeyajua wiki ya kwanza.

Nianze na usiku mmoja wa Februari. Halmashauri ilikuwa inakimbizana na siku ya mwisho ya kuingiza bajeti kwenye PlanRep, mfumo wa kompyuta wa Serikali wa kupanga bajeti za halmashauri. Ukumbini tulikuwa watu saba, feni moja, na chupa mbili za chai zilizokwisha kupoa. Kijana wetu wa mifumo, hodari kweli, alikaa mbele ya kompyuta. Afisa mipango wa halmashauri alikaa pembeni yake na karatasi mkononi, akimsomea: kifungu, kasma, kiasi. Kijana anaandika. Saa nane usiku bajeti yote ikawa imeingia, tukapongezana, na asubuhi simu ya shukrani ikaja kutoka mkoani. Katika ripoti ya robo mwaka niliandika kwamba halmashauri ile imejengewa uwezo.

Mwaka uliofuata halmashauri ile haikuwa kwenye mpango wetu. Januari Mkurugenzi Mtendaji akanipigia: "Kaka, vijana wako wanakuja lini? Huku hakuna anayejua." Hakuwa analalamika. Aliuliza kama mtu anavyouliza mbolea ya ruzuku inafika lini. Yule afisa mipango alikuwa bado yupo, kwenye meza ileile, mtu mwenye shahada na uzoefu mrefu kazini. Sisi ndio tuliokuwa tumemwekea kazi yake mbali na mikono yake, tukaiita msaada.

Tangu siku ile nikaweka sharti: mtu wetu hashiki kipanya cha kompyuta. Anakaa pembeni, anaeleza, anasubiri. Mwenye kazi ndiye anayebonyeza, anayekosea, anayerudi nyuma na kuanza tena. Usidhani ni sharti jepesi. Mtaalamu uliyemwajiri kwa sababu ya wepesi wake ataona mateso kumtazama mtu akitafuta herufi moja moja, na siku ya mwisho ikikaribia, kila mtu chumbani, pamoja na huyo mwenye kazi, atamwomba akae yeye. Hapo ndipo watakapokutazama wewe, kiongozi. Mwaka wa kwanza wa sharti lile halmashauri tulizofanya nazo kazi zilichelewa, na mfadhili mmoja akataka kujua kwa nini kasi imeshuka. Nilikwenda nikamweleza ana kwa ana. Sikumpelekea grafu, nilimweleza habari ya ile simu ya Januari. Akaelewa. Tukakubaliana kuacha kuhesabu watu waliohudhuria mafunzo, tuhesabu halmashauri zilizowasilisha bajeti kwa wakati bila mtu wetu kuwamo chumbani. Kipimo hicho kilibadilisha ofisi yangu kuliko warsha yoyote ya uongozi niliyowahi kuhudhuria. Mtaalamu aliyekuwa anajisifu kwa siku alizokaa wilayani, sasa alianza kujisifu kwa wilaya alizoacha kwenda.

Utaulizwa mara nyingi, hata na ndugu zako, kwa nini fedha ziende kwenye "taasisi" wakati kuna vijiji havina maji. Jibu linaonekana kwenye maji hayohayo. Kuchimba kisima ni kazi ya wiki chache. Kisima kutoa maji mwaka wa kumi ni kazi ya watu: nani anakusanya fedha za ndoo, zinawekwa akaunti gani, nani ana mamlaka ya kununua pampu ikiungua, na mwananchi ambaye hakuridhika anamlalamikia nani. Ndiyo maana sheria ya maji ya mwaka 2019 iliyounda RUWASA, wakala wa maji vijijini, iliweka pia vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Chombo hicho kikiwa cha jina tu, siku pampu ikifa kijiji kinarudi mtoni. Agenda ya 2030, waliyoipitisha wanachama wote 193 wa Umoja wa Mataifa Septemba 2015, ina malengo 17, na lengo la 16, shabaha ya 6, linataka taasisi zenye ufanisi, uwajibikaji na uwazi katika ngazi zote. Mwaka 2018 zikaongezwa kanuni 11 za utawala bora kwa maendeleo endelevu, zilizoandaliwa na kamati ya wataalamu wa utawala wa umma wa Umoja wa Mataifa. Ya kwanza kabisa ni umahiri. Ibandike ukutani ofisini, na chini yake andika kwa kalamu nzito: umahiri wa nani? Wataalamu wako ni mahiri tayari.

Hapa nigusie jambo linalouma. Mimi nilitoka halmashauri kwenda mradini kwa sababu mradi ulinipa mshahara ambao Serikali isingeweza kunilipa. Nilikuwa na watoto wawili na ada za shule, sikusita. Lakini kiti changu halmashauri kilikaa na kaimu zaidi ya mwaka, na kaimu mwenyewe alikuwa na kazi zake nyingine mbili. Mradi wa kuimarisha halmashauri ulikuwa umeipunguzia halmashauri mtu. Jambo hili linajulikana tangu zamani: Azimio la Paris la mwaka 2005 kuhusu ufanisi wa misaada liliweka shabaha ya kupunguza kwa theluthi mbili, ifikapo 2010, vitengo vya miradi vinavyokaa sambamba na serikali. Hata hivyo bado vinazaliwa. Ukiwa kiongozi utapata majina ya maafisa wazuri wa wizara na halmashauri, na wengine watakuja wenyewe na wasifu wao mkononi. Siwezi kukuambia uwakatae wote, maana nitakuwa nawanyima mlango nilioupitia. Mimi niliamua kwamba hatumchukui mtu kutoka kwenye taasisi tunayofanya nayo kazi, na tukihitaji ujuzi wake tunaomba aazimwe kwa barua, kwa muda unaojulikana, na kiti chake kimngoje. Watu wawili walinikasirikia sana. Mmoja hanisalimii mpaka leo.

Posho nayo ni sehemu ya jambo hilohilo. Lipa viwango vya waraka wa Serikali, usiongeze hata shilingi, na usiitishe semina kwa jambo linaloweza kufanyika mezani kwa mtu. Kuna mweka hazina wa halmashauri mmoja ambaye, tulipopitia pamoja ratiba yake ya robo moja, tuligundua siku alizokuwa kwenye semina za wafadhili zilizidi alizokaa ofisini. Hoja za ukaguzi zilikuwa zimerundikana kwenye jalada lake, na sisi wafadhili tulikuwa tunamwita kumfundisha namna ya kujibu hoja za ukaguzi.

Jifunze kalenda. Wageni wengi hulipuuza hili, nami nalihesabu kuwa nusu ya kazi. Mwaka wa fedha wa Tanzania unaanza Julai 1. Wa serikali ya Marekani unaanza Oktoba 1, wa Uingereza Aprili, na wa Umoja wa Ulaya Januari. Ukifuata kalenda ya anayekulipa, utaleta wazo zuri Mei, Bunge la Bajeti likiwa katikati ya vikao vyake Dodoma na ukomo wa bajeti ulishafungwa miezi iliyopita. Watakupokea kwa heshima, watakuambia "tunalifanyia kazi", na halitaingia popote. Wazo lilelile likifika Septemba au Oktoba, kabla mwongozo wa maandalizi ya mpango na bajeti haujatoka, linaweza kupata kifungu chake. Na jambo lenye kifungu kwenye bajeti ya Serikali lina mwenyewe. Lisilo na kifungu ni lako peke yako, na utaondoka nalo.

Kadhalika jifunze njia ya barua. Ukitaka kwenda wilayani, barua inapita kwa Katibu Mkuu TAMISEMI, inashuka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inafika kwa Mkurugenzi. Wataalamu kutoka nje huona ni usumbufu, wanataka kupiga simu tu na kuwasha gari. Waeleze kwamba barua ile ikipita masjala inapata namba, inaingia kwenye jalada, na Mkurugenzi mpya akihamishiwa pale baada ya miaka miwili atalifungua jalada na kukuta mlikubaliana nini. Simu haiachi kitu. Ukifika, saini kitabu cha wageni, salimia ofisi zote kwa ngazi zake, ndipo uingie kwenye shughuli. Nusu saa ile haipotei.

Kuna kosa lingine nililolifanya kwa mwaka mzima bila kuliona. Vikao vyetu na halmashauri vilikuwa vya Kiingereza, kwa sababu wataalamu wawili kati ya wetu hawakujua Kiswahili. Wakuu wa idara walikaa wametulia, wanatikisa kichwa, wanaandika. Niliamini wamekubali. Siku moja mkalimani mwenyewe nikawa mimi: wageni wawili wakakaa pembeni yangu, nikawanong'oneza kwa Kiingereza, kikao kikaenda kwa Kiswahili. Ofisa ustawi wa jamii, mama ambaye sikuwahi kusikia sauti yake, akasimama akasema fomu tuliyoileta inawataka wajaze taarifa zilezile mara tatu kwa wizara tatu, na kwamba walishatengeneza yao fupi, ila hakuna aliyewauliza. Alikuwa nayo kwenye mkoba. Tukaitumia ile. Tangu hapo, mgeni ndiye aliyetafutiwa mkalimani.

Wataalamu wako kutoka nje uwatunze, maana wengi wameacha familia mbali na wana mapenzi ya kweli na kazi hii. Ila wafanye wawe watu wa kuuliza zaidi. Tulipata mmoja aliyefanya kazi Rwanda kwenye imihigo, ile mikataba ya utendaji ambayo viongozi wa wilaya wamekuwa wakisaini na Rais tangu 2006. Alitaka tuilete kama ilivyo. Sisi huku tulikuwa na OPRAS tangu 2004, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, wenye fomu ambazo watumishi wengi walizijaza mwishoni mwa mwaka kwa mkupuo. Tulimwomba kwanza akae miezi mitatu na afisa utumishi mmoja aone kwa nini OPRAS haikushika. Aliporudi alikuwa na maswali mazuri kuliko majibu aliyokuja nayo.

Jiandae pia kwa siku ya kufunga. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alisaini amri ya kusitisha misaada ya maendeleo ya nje kwa siku 90, na Julai 1 mwaka huohuo USAID, shirika la misaada la Marekani, ikaacha kabisa kutekeleza misaada. Wenzangu walioongoza ofisi kubwa kuliko yangu walipata siku chache za kurudisha kompyuta na kuagana. Mimi nilishaondoka, lakini nilizunguka wilaya tatu mwaka ule kwa nauli yangu, nikitaka kuona kilichobaki.

Katika zahanati moja, kilomita nyingi kutoka barabara ya lami, nilimkuta muuguzi anayekaimu ufawidhi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na yeye ndiye anayepaswa kuandika kila shilingi kwenye FFARS, mfumo wa kompyuta wa hesabu za vituo. Zamani tulikuwa tukimpelekea mtu kila robo. Mtu huyo hayupo tena. Nikamuuliza anafanyaje. Akavuta droo, akatoa kaunta buku lenye jalada jekundu lililochakaa kingo. Ndani, kwa mwandiko wake, hatua moja baada ya nyingine: wapi pa kubonyeza, risiti ibandikwe wapi, kamati ya kituo isaini kabla ya nini. Pembeni ya hatua moja alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Hapa mtandao hukatika. Usirudie, utaingiza mara mbili. Ngoja saa tatu usiku."

Hakuna mtu wetu aliyemwambia aandike buku lile. Alikuwa amepata barua ya uhamisho wiki ile, na msichana aliyekuja kumpokea, ametoka chuo mwaka huo, alikuwa amekaa kwenye benchi mlangoni na simu yake, anazipiga picha kurasa moja moja.